Inchi Nne za Mwanzo

Mfuniko wa kopo la biskuti ulisema "ko" gizani, kabla hata jogoo wa jirani hajasafisha koo. Ulikuwa umebonyea upande mmoja. Haukufunguka ila kwa kubanwa na kidole gumba, na ukifunguka ni lazima useme.

"Mama, kopo hilo tena?" Sauti ya mwanawe ilipita ukutani.

"Lala, mwanangu. Natafuta kifungo."

"Kifungo cha siku tatu?"

 Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, kopo mapajani, akaitoa tepu kwa kupapasa. Ilikuwa tepu ya fundi cherehani, ya kitambaa, imelainika kwa umri kama sikio la mbuzi. Akaizungusha kidoleni, akaikunjua, akaizungusha tena. Kisha akainuka, akafagia sebule aliyokuwa ameifagia jana usiku kabla ya kulala, akachemsha chai, akaisahau ikapoa, akachemsha nyingine.

Mjini wengi walimwita Mama Fundi, maana alishona nguo za watu kwa miaka arobaini na ushei. Lakini zamani, shuleni, jina lake lilikuwa Kiraka. Lilibaki kwa watu wachache, na wengi wa hao walikwisha kutangulia. Aliyebaki, ambaye Kiraka alikuwa akimwaza siku tatu hizi, alikaa mwendo wa saa mbili kutoka hapo. Huyo naye walimwita Sindano.

Mambo yalianza mezani, siku tatu kabla. Mwanawe ni fundi wa vyuma, anachomelea madirisha na mageti. Shule ya zamani ya mama yake ilikuwa imemwita atengeneze nguzo mpya za netiboli, akarudi jioni hiyo anacheka peke yake.

"Mama, nimeing'oa ile nguzo yenu. Ile mliyokuwa mkijisifia."

"Pole pole na maneno yako. Ile ilitufikisha fainali."

"Basi ilikuwa inawadanganya. Nimeilaza chini nikaipima. Ni fupi. Tena si fupi ya kubahatisha. Inchi nane kamili. Aliyeipima alikuwa amelewa, au alikuwa anagombea uchaguzi."

Mkwewe alicheka mpaka akashika mbavu. Kiraka aliweka kijiko chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Inchi nane?"

"Nane. Mbona umenyauka?"

"Chumvi imenizidi," alisema, akainuka mezani.

Usiku huo ndipo kopo lilipoanza kusema.

Alipokuwa na miaka sita, Kiraka alikuwa na mdoli wa matambara, na mdoli hakuwa na mkanda. Siku moja mama yake alitoka kwenda kununua uzi. Mtoto alichukua mkasi, akakata mwanzo wa tepu, inchi nne safi, pale penye namba nzurinzuri za moja mpaka nne, akamfunga mdoli kiunoni. Mama aliporudi aliishika tepu, akaitazama ncha, akamtazama mdoli. Watoto wengine wangechapwa. Mama alisema tu, "Mdoli amependeza," akachukua sindano, akaukunja ukingo uliokatwa na kuushona vizuri usichanike. Hakununua tepu nyingine. Alijifunza kutoa nne. Mteja akipimwa kiuno, tepu ikasema thelathini na nne, mama aliandika thelathini. Hakuna mteja aliyewahi kujua, na hakuna gauni lililowahi kubana. Mpaka leo Kiraka akikumbuka, humjia huruma ya ajabu: mwanamke mzima, siku zote za maisha yake, akitoa nne kimoyomoyo kwa ajili ya mdoli.

Mambo ya nyumbani ni ya nyumbani, hayadhuru mtu. Hili lilidhuru lilipotoka nje.

Alikuwa na miaka kumi na minne mwalimu alipoamua shule iwe na timu. Ulikuwa mji mdogo: kinu cha kusaga nafaka, posta, barabara moja ya lami iliyopita haraka kama inayoona aibu kusimama. Shule ilikuwa na madarasa manne na mpira mmoja. Mwalimu alikuwa na kijitabu cha sheria, na kijitabu kilisema pete ikae juu futi kumi. Mti ulikuwepo, mnyoofu kabisa. Pete ilikunjwa na mhunzi. Kilichokosekana ni kipimo.

"Nani kwao kuna tepu?"

Kiraka aliinua mkono kabla ya akili yake kuamka. Alikimbia nyumbani, akarudi akihema.

Mwalimu alifurahi. "Tepu ya fundi ni inchi sitini, hilo kila mtu analijua. Tepu mbili ni futi kumi. Hesabu imekwisha." Mti ulilazwa chini. Yeye alishika ncha ya mwisho, Kiraka akapewa ncha ya mwanzo, ile iliyoshonwa. Hakuna aliyesoma namba. Tepu mara ya kwanza, alama ya chaki. Tepu mara ya pili, alama ya chaki. Kiraka alifungua mdomo. Wakati huohuo mwalimu akageuka kwa wasichana wote akasema, "Mnaona? Nyumba ya fundi haina kosa."

Mdomo ukajifunga wenyewe. Alijiambia atamweleza mwalimu kesho, wakiwa wawili. Kesho alikuta mti umekwisha kusimikwa kwa mawe na saruji, na wa upande wa pili umekatwa kwa kuufuata, na wenzake wanauzunguka wakipiga vigelegele. Neno likikosa siku yake huwa zito kulibeba siku ya pili. Ya tatu halibebeki.

Timu ilikuwa na wasichana saba na mmoja wa akiba, ambaye alikuwa na pumu na kazi yake hasa ilikuwa kushika maji. Kiraka alicheza katikati, na akitakiwa kuziba pengo lolote aliziba, ndiyo maana ya jina. Mfungaji alikuwa binti wa mlinzi wa kinu, mrefu, mnyamavu. Mpira wake ulipita ndani ya pete bila kugusa chuma, kama uzi unavyopita tunduni. Mwalimu alisema, "Huyu ni sindano," na likawa jina.

Kila asubuhi kabla ya kengele Sindano alirusha mpira mara hamsini. Hakurusha arobaini na tisa. Kiraka alimwokotea. Na kuna hili ambalo Kiraka hakuwahi kulisahau: Sindano alikuwa na raba, jozi moja, aliyoachiwa na binamu yake. Siku ya mechi ya kwanza alizivua akampa Kiraka.

"Na wewe?"

"Mimi nasimama tu palepale chini ya pete. Wewe ndiye unayekimbia. Vaa."

Akacheza pekupeku msimu mzima.

Msimu huo ndio ulikuwa maajabu. Shule kubwa zilikuja na vizibao vilivyopigwa pasi na wasichana wanaokula nyama. Mipira yao yote ilipaa juu ya pete ikaangukia upande wa pili. Ya Sindano iliingia. Watu walianza kuja uwanjani na viti kutoka majumbani. Kocha mmoja mgeni alisema waziwazi kuwa uwanja una dawa. Wakati wa mapumziko alimtuma msaidizi wake afukue chini ya nguzo, akapata kijiko cha chai na jiwe. Mji mzima ulicheka wiki nzima. "Rudini mkachukue kijiko chenu," waliimba kila timu mpya ilipofika. Kiraka alicheka pamoja nao. Yeye peke yake alijua dawa ilikuwa wapi. Ilikuwa nyumbani kwao, imeshonwa ukingo.

Kwa bahati ya kura mechi zote zilichezwa nyumbani. Zote, isipokuwa fainali.

Fainali ilikuwa kwenye shule kubwa ya bweni, uwanja wa saruji uliochorwa mistari myeupe. Mwalimu wa michezo wa shule hiyo alikuwa amesikia habari za Sindano. Alikaa pembeni na daftari. Ilijulikana wazi: msichana yule akicheza vizuri, angepata nafasi pale, kitanda, sare, masomo mpaka mwisho. Baba yake alikuja na shati la kazini la kinu, limefuliwa mpaka limeng'aa.

Mpira wa kwanza wa Sindano uligonga pete kwa mbele ukarudi. Wa pili vilevile. Wa tatu uligonga kwa chini. Alikuwa akirusha kama siku zote, mkono uleule, pumzi ileile, na kila mara mpira ulipungukiwa na kitu kidogo. Mapumziko yalipofika walikuwa nyuma, tisa kwa moja.

Mwalimu alikata machungwa. Sindano hakula. Alikuwa ameviweka viganja vyake magotini, anavitazama kama vya mtu mwingine.

"Kiraka, wewe unanijua. Nimekosea wapi? Niangalie mkono."

Kiraka alikuwa amesimama karibu na nguzo nusu saa nzima. Alikuwa ameiona. Hakuwa amepiga hesabu, lakini jicho la binti wa fundi haliombi ruhusa kupima. Ilibidi aseme maneno machache tu: rusha juu zaidi, shubiri moja. Lakini wenzake wangeuliza umejuaje. Na mwalimu alikuwa hapo, kisu mkononi, na nyumba ya fundi haina kosa.

"Usijali," alisema. "Utafunga tu."

Walifungwa kumi na saba kwa tatu. Yule mwenye daftari alilifunga kabla ya filimbi ya mwisho. Baba wa Sindano alimshika binti yake bega, wakatembea mpaka kwenye lori lililowaleta.

Mjini, watu waliobeba viti ndio waliobeba na maneno. Sindano butu. Aliona majengo makubwa akatetemeka. Watoto wadogo waliimba njiani. Kiraka alipompelekea raba zake, Sindano alisema, "Kaa nazo. Sitarusha tena." Baada ya miezi miwili akapelekwa kwa shangazi yake mji mwingine, kufua na kupiga pasi nguo za watu.

Tangu hapo walionana mara mbili, zote msibani, katika kupeana mikono tu, pole, pole sana, haya. Na miaka yote hiyo Kiraka alijifariji kwa kitu kimoja: huenda haikuwa tepu. Huenda mwalimu aliona kosa akaongeza. Huenda ile nguzo ilikuwa sawa, na Sindano alitetemeka kweli. Mtu anaweza kulala miaka hamsini juu ya huenda. Sasa mwanawe alikuwa ameilaza chini akaipima, na mara mbili nne ni nane.

Kulipopambazuka alikuwa amekwisha kuvaa. Mwanawe alikuwa anapakia madirisha kwenye gari lake.

"Unapeleka upande upi leo?"

"Upande ule wa hospitali kubwa. Mbali, Mama."

"Nishushe kwa Sindano."

Alimtazama mama yake, kisha kibegi chake, kisha tepu iliyochungulia kibegini.  Alitandika gunia kwenye kiti cha mbele springi isimchome, akafungua mlango. Njiani alisema tu, "Ukichoka kusubiri nipigie, nitakuja hata kama rangi haijakauka." Kiraka alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Mwanawe aliendesha kama aliyebeba mayai.

Nyumba ya Sindano ilikuwa nyuma ya duka lake la dobi. Uani kulikuwa na kamba sita za mashuka ya nyumba ya wageni. Binti yake, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyokunjwa mpaka viwikoni, alimpokea.

"Shikamoo, Mama. Karibu. Mama yupo ndani, anagombana na pasi."

Sindano alikuwa bado mrefu, ila juu alikuwa amepinda kidogo kama mtu anayepita mlango mfupi. Alivaa miwani iliyofungwa uzi. Alimtazama mgeni mpaka akamtambua.

"Kiraka. Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja tu."

"Mtu haji tu saa mbili za barabara. Haya, usisimame kama mteja. Shika ncha."

Akamtupia shuka. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Linahitaji mikono minne. Walisimama mbali, wakalivuta likakaza, wakakunja, wakasogeleana, mmoja akapokea ncha za mwenzake, akarudi nyuma. Miguu yao ilikumbuka mambo. Walikunja la kwanza, la pili, la tano, wakiulizana habari za watoto, magoti, sukari ya damu. Kila Kiraka alipofungua mdomo, shuka lilikuwa limekwisha na lingine limeshikwa.

Kwenye la nane alisema, "Ile nguzo ya shule imeng'olewa."

"Ikafie mbali."

"Mwanangu ameipima. Ilikuwa fupi. Inchi nane."

Mikono ya Sindano haikusimama. Walisogeleana. Ncha zikakutana.

"Fupi," alisema Sindano.

"Ilipimwa kwa tepu ya kwetu. Tepu ilikuwa imekatwa. Niliikata mimi, nikiwa mtoto, kwa ajili ya mdoli. Nilikuwa nimeishika ncha siku ile, nikaona aibu kusema."  Lililobaki ndilo lililomleta. "Na siku ya fainali nilijua. Mapumziko, uliponiuliza. Nilijua, nikakwambia usijali."

Nje, binti aliita mtu alete sabuni. Sindano alichukua shuka lote mikononi mwa Kiraka, akalikunja peke yake, vibaya, akaliweka juu ya mengine. Kisha akakaa.

"Ulijua tangu nusu ya mchezo."

"Nilijua."

"Nilikuuliza wewe. Sikumuuliza mwalimu."

"Ndiyo."

"Ilete hiyo tepu. Najua umeileta. Wewe huji mikono mitupu."

Kiraka aliitoa kibegini. Sindano aliisogeza karibu na miwani, akapapasa ukingo ulioshonwa, mishono midogo, sawasawa.

"Nani alishona hapa?"

"Mama."

"Hakukuchapa?"

"Alisema mdoli amependeza."

Sindano alitoa sauti ndogo puani, haikuwa kicheko na haikuwa jambo jingine lolote. Alitazama juu ya kabati. Palikuwa na kapu tupu la nguo, refu, mdomo wazi. Alichukua foronya, akaibiringisha ikawa donge, akaifunga fundo. Alisimama, akaweka miguu kama zamani, kiganja chini ya donge. Akarusha. Donge liligonga ukingo wa kapu kwa mbele likaanguka sakafuni.

Kiraka aliinama kuliokota. Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu zamani.

"Liache," alisema Sindano. Aliliokota mwenyewe, magoti yakilia. Akarudi palepale. Akanyanyua mkono, akaupandisha kidogo, shubiri moja, akarusha.

Liliingia bila kugusa.

Alikaa akilitazama kapu. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa shuka la nyumba ya wageni.

"Unajua nimeishije?" alisema mwishowe. "Kila nilipotaka kufanya kitu, nilivitazama viganja hivi. Shangazi alitaka niende kusomea ualimu, nikamwambia mikono yangu hutetemeka mbele za watu. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa niliogopa kumbeba, nikidhani nitamwangusha. Hamsini kila asubuhi, Kiraka, na nikaamini mikono ndiyo iliyoniangusha. Kumbe haikuwa imekosea hata mara moja."

"Haikukosea."

"Ulikuwa umevaa raba zangu."

 Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kiraka alisimama katikati ya chumba, kibegi kifuani, hajui akae au aondoke. Binti wa Sindano aliingia na vikombe viwili vya chai, akawatazama wote wawili, akaviweka chini taratibu na kutoka akiuvuta mlango nyuma yake bila kuufunga kabisa. Kiraka aliliona hilo, akamshukuru moyoni.

"Kunywa," alisema Sindano. "Usinywe kama unakimbizwa."

Walikunywa. Honi ya gari la mwanawe ililia barabarani mara moja, fupi, ya adabu. Kiraka aliinuka, akanyoosha mkono kuchukua tepu. Sindano aliifunika kwa kiganja.

"Hii inabaki."

"Ni ya mama."

"Najua ni ya nani. Nataka kuitazama. Nikichoka kuitazama utaichukua."

"Sawa." Alifika mlangoni, akageuka. "Sikuja kuomba unisamehe. Yaani, nilikuja kuomba, ila..."

"Sijakusamehe," alisema Sindano. "Nimekasirika, na nina haki. Nataka nikasirike vizuri, taratibu, sina haraka. Leo nimechoka." Alitazama rundo la mashuka yaliyobaki, kisha lile moja la juu, lililokunjwa ovyo na mtu mmoja. Alilichukua, akalikunjua lote, akaliweka pembeni. "Hili nitaliacha hivi. Alhamisi yanakuja mengine, mengi kuliko haya, na binti yangu anaenda kliniki. Njoo Alhamisi, Kiraka. Njoo mapema."